Mwaka Tuliotema Chuma

Mwaka ule niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba mwanamume asiye wa ukoo wa wahunzi akila chakula cha binti wa mhunzi miezi mitatu mfululizo, ataanza kutema chuma. Kwanza mate yanakuwa ya kijivu, halafu meusi, halafu vinatoka vipande vidogo kama vichwa vya misumari, na mwisho ini lote linakuwa donge moja la chuma na mtu anakufa amekaa wima, kwa sababu hakunjiki tena. Niliambiwa pia kwamba maiti ya namna hiyo inabebwa na wanaume kumi na sita. Mimi nilipokuwa nasimulia nilisema ishirini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeshajifunza kusoma gazeti kuanzia kichwa cha habari mpaka matangazo ya vifo, na bado niliamini. Kwetu Murangi sisi ni watu wa nyavu na mihogo. Jembe tulilinunua sokoni bila kuuliza nani amelifua. Kwa hiyo habari za wahunzi wa huko bara ya Butiama na Bunda nilizimeza nzima nzima, kama kamongo, yule samaki mkubwa wa ziwani, anavyomeza furu wadogo.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tumemzika Wambura, kijijini kwao nje ya Bunda, na kwenye msiba huo nikamwona Nyangi kwa mara ya kwanza tangu ujana wetu. Sitaanza na habari za baba yangu alikuwa nani na babu yangu alihamia wapi; hao hawakuwa na kosa, wapumzike. Nataka kuuandika mwaka mmoja tu, na naonya mapema kwamba mimi huongeza chumvi. Nimeongeza chumvi maisha yangu yote na watu wamenipendea hilo. Harusi isiyo na Masatu, walisema, ni kikao cha kamati ya maji. Lakini safari hii nimeionja chumvi yangu mwenyewe, na mpaka ninapoandika hapa ulimi wangu umekaa mdomoni kama kitu cha mtu mwingine.

Tulikuwa tunasoma elimu ya watu wazima kwenye chumba cha shule ya msingi huko Kamunyonge, mjini Musoma, kuanzia saa kumi na mbili jioni watoto wakishaondoka. Madawati yalikuwa ya watoto, kwa hiyo magoti yetu yalifika masikioni, na mama mmoja mnene wa darasa letu alikwama siku ya kwanza tukamtoa na dawati lake mpaka nje, nusu saa, watu wanne wanavuta. Mwalimu Maregesi, mtu mwembamba mwenye koti moja na subira ya punda, alitufundisha kusoma, hesabu, na jinsi ya kuandika barua kwa mtu anayekuzidi cheo. Ulikuwa mwaka wa foleni. Sukari hakuna, sabuni hakuna, na mafuta ya taa ndiyo kabisa. Koroboi zetu tatu zingezimika moja kwa moja kama si Makuru. Yeye alikuwa utingo wa lori la pamba, na lori lina dizeli, na dizeli ina namna yake ya kupungua njiani. Kila Jumatatu alikuja na dumu. Mwalimu alimuuliza mara moja tu, "Makuru, hii umeitoa wapi?" Naye akajibu, "Mwalimu, ni ya nchi. Na sisi ndio nchi." Darasa likacheka, koroboi zikajazwa, na tukasoma kwenye ule mwanga mwekundu unaocheza, macho yanatutoka machozi kama watu waliofiwa, kila mtu akigombania kukaa karibu na taa.

Katikati ya mwaka Mwalimu akaja na wazimu wake. Alikuwa na mchezo wa kuigiza wa zamani, wa ng'ambo, aliousoma chuoni, akautafsiri mwenyewe kwenye madaftari manne. Tungeucheza Bunda, siku ya sherehe za kufunga mwaka wa elimu ya watu wazima. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kuna jemadari, mgeni, mtu wa rangi nyingine na kabila jingine. Wakubwa wa mji wanampenda sana, yaani wanapenda awapiganie. Wanamwita mezani awasimulie vita. Halafu anamuoa kwa siri binti wa mmoja wao, na mzee yule yule aliyekuwa akimkatia minofu anapiga kelele kwamba binti amerogwa, maana hakuna msichana mwenye akili anayeweza kumpenda mtu kama yule. Baadaye msaidizi wa jemadari, mwenye kinyongo, anamtia maneno sikioni kidogo kidogo mpaka jemadari anamuua mkewe, ambaye hana kosa lolote. Makuru aliitaka nafasi ya jemadari. Mwalimu akampa Wambura, kibarua wa bandarini aliyekuwa na sauti ya kutikisa vioo vya madirisha, kama yale madirisha yangekuwa na vioo. Makuru akapewa msaidizi. Mke wa jemadari akawa Nyangi, msichana aliyekuwa anauza vyungu vya mama yake pale sokoni Musoma. Mimi nilipewa tarishi, mwenye sentensi tatu. Nilizifanya thelathini. Mwalimu alikuwa anapiga meza, "Masatu, wewe kazi yako ni kuleta habari, si kuipika!" na darasa lilikuwa linakufa kwa kicheko. Nilidhani ananisifu.

Nyangi peke yake ndiye aliyeugombeza ule mchezo. Siku moja aliliweka daftari mezani akasema, "Mwalimu, huyu mke mbona hasemi? Anajua hana kosa."

"Anasema, ila hasikilizwi."

"Basi aseme tena."

"Nyangi, sasa mchezo utaisha saa ngapi?"

Wote tulicheka. Wambura hakucheka. Alikuwa anamwangalia kama mtu aliyeona mwanga wa mtumbwi wake unarudi, na kuanzia hapo hata kipofu angejua tunaelekea wapi. Nilikuwepo siku walipoyazungumza. Walidhani nipo nyuma ya darasa nakariri sentensi zangu, na kweli daftari nilikuwa nimelishika, lakini masikio yangu yalikuwa kwao. Nyangi alisema taratibu, "Mimi ni wa wahunzi, Wambura. Baba yangu anafua, mama yangu anafinyanga. Kwenu hawatakubali. Na kwetu hawatakubali, usifikiri ni kwenu tu." Wambura akasema, "Kwetu wanalima na majembe ya baba yako. Mkuki wa babu yangu umefuliwa kwenu. Maziwa yetu yanakaa kwenye vyungu vya kwenu." Nyangi akamjibu, "Ndiyo. Wanachukuaga vyote. Binti ndiyo hawachukuagi." Nilitaka kucheka kwa jinsi alivyolisema, lakini sauti yake haikuwa ya mzaha, nikarudisha macho kwenye daftari.

Walifunga ndoa bomani, siku ya kazi, saa nne asubuhi, bila shela wala kigelegele. Mashahidi tulikuwa wawili, mimi na Makuru, ambaye kwa Wambura alikuwa ndugu kabisa, mtoto wa baba yake mdogo. Mpaka asubuhi ile Makuru alijua tu kwamba Nyangi ni msichana wa upande wa Butiama. Karatasi ilipoletwa tutie sahihi, nilimwona analisoma jina la baba yake Nyangi, kazi yake, mhunzi, na mahali anakotoka. Alilisoma polepole, mdomo ukitembea, herufi kwa herufi kama tulivyofundishwa. Alipofika mwisho alirudi akalisoma tena. Halafu akatia sahihi, akampa Wambura mkono, akatabasamu meno yote, akasema, "Kaka, mimi zawadi yangu ni taa." Jioni hiyo aliwaletea dumu zima la dizeli, ili Jemadari asome sehemu yake mpaka aishike. Nikikumbuka lile tabasamu nataka kunawa uso. Alikuwa na dada watatu waliokuwa bado hawajaposwa, na ukoo ulioingiza damu ya wahunzi, kwa hesabu za wazee wa kwao, ulikuwa umeoza wote, hata kwa mabinti waliobaki. Hayo yote aliyawaza pale, kalamu mkononi, na akatabasamu.

Chumba chao kilikuwa kimoja, hukohuko Kamunyonge, kina mlango na hakina dirisha. Kitanda, sanduku, kamba ya nguo, na kwenye kona koroboi juu ya kopo lililogeuzwa. Mimi nilikuwa kapera na nilikula kwao kila siku kabla ya darasa. Niseme ukweli, nilikuwa nakula ugali wa ukubwa wa kichwa cha ndama. Nyangi alipika sato kwenye chungu cha mama yake, moto mdogo, nyanya mbili na chumvi, na mchuzi wake ulikuwa unaweza kumfufua mtu akae aombe kijiko. Alikuwa ananipakulia kwanza mimi kwa sababu mimi ni shemeji. "Shemeji Masatu, kula, sentensi tatu zinachosha." Wambura anacheka na ile sauti yake, mlango unatetemeka. Baada ya kula walifunga mlango kwa sababu ya mbu, koroboi ikawashwa, na tukafanya mazoezi, wao wawili kitandani na mimi juu ya sanduku. Sijawahi kukaa kwenye chumba kidogo kama kile nikajisikia nina nafasi kubwa namna ile. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba nilidanganywa na maadui. Nilidanganywa nikiwa nimeshiba chakula chao.

Wambura alianza kukohoa kama mwezi wa tatu wa ndoa. Kikohozi kikavu, na kila akimaliza anatema kwenye kopo la maziwa lililokuwa chini ya kitanda, na Nyangi anaweka majivu humo, na asubuhi analitoa nje. Siku moja, tukiwa tunasubiri Mwalimu afungue darasa, Makuru akanishika kiwiko.

"Umeyaona mate ya kaka?"

"Nimeyaona. Yana nini?"

"Meusi."

"Ana mafua."

"Mafua meusi? Wewe mtu wa ziwani, hujui mambo." Akanivuta mpaka nyuma ya vyoo, mahali pananuka kweli, na hapo ndipo nilipoelezwa yote: mate, misumari, ini, maiti isiyokunjika. Hakusema kwa chuki. Alisema kwa huruma, akitikisa kichwa, kama mtu anayetoa taarifa ya ajali. Halafu akamalizia, "Na wewe unakulaga palepale. Mimi sikwambii kitu. Nenda ukajitazame." Nilikwenda. Nilisimama ukingoni mwa ziwa, nikakohoa kikohozi cha kutoka magotini, nikatemea kiganjani. Kulikuwa na uzi mweusi katikati ya mate, mwembamba kama uzi wa kushonea. Nilipopenga kamasi, nalo lilikuwa jeusi. Nilikaa chini kwenye mawe. Nakumbuka niliuonja ule weusi ili nijue kama ni chuma, na nikajiambia ndiyo, ni chuma. Mtu akishaogopa, ulimi wake unampa jibu lolote analolitaka. Siku iliyofuata Nyangi alinipakulia kama kawaida nikasema nimeshiba. Niliendelea kushiba hivyo wiki tatu. Nilikuwa nanunua mihogo ya kuchoma nakula njiani, na ninapofika kwao napiga mbweu. Hakuuliza kitu, ila siku moja aliacha kunipakulia, akaweka sahani mbili tu.

Makuru alishapeleka habari kwa wazee. Wambura akaitwa kijijini aende na mkewe, na mimi na Makuru tukaitwa kama mashahidi wa ndoa. Tulifika saa tano asubuhi. Nyangi hakuruhusiwa kufika kwenye kikao. Alipelekwa upande wa jikoni, akakalishwa juu ya gogo pembeni, na wanawake wa kule, ambao vyungu walivyokuwa wanapikia vilitoka kwa akina mama kama mama yake, hawakumpa kikombe. Walimpa uji kwenye kipande cha kibuyu kilichovunjika. Alipomaliza, binti mmoja alikitupa kwa fimbo mpaka kwenye majani. Niliona kwa macho yangu, na nikafikiri, afadhali, maana hawakujua kama chuma kinaambukiza. Hilo ndilo wazo nililokuwa nalo. Naliandika hapa ili lisipotee.

Kikao kilikuwa kwenye uwanja wa nyumba ya baba yake Wambura, mzee mfupi mwenye shingo nene, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda kirefu na miguu yake haigusi vizuri chini. Wambura alijitetea. Alisema ni kikohozi tu, atakwenda hospitali, mke wake ni mtu kama watu. Baba yake akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe umekula, huwezi kujijua. Na Makuru ni wa hapa, ataonekana ana neno lake." Kisha akanielekezea kidole. "Huyu kijana wa ziwani hana upande. Hawajui wahunzi na hatujui sisi. Aseme alichokiona."

Nikasimama. Sijawahi, kabla ya siku ile wala baadaye, kusikilizwa namna ile. Wazee kama ishirini, kimya, mpaka kuku wamenyamaza. Nilikuwa na jambo dogo la kusema: nimeona mate meusi kwenye kopo, na mimi pia ninayo. Ningelisema hivyo ningekuwa nimesema kweli tupu, na labda mzee mmoja mwenye akili angeuliza, mbona na wewe? Lakini mimi ndimi tarishi, niliyepewa sentensi tatu nikafanya thelathini. "Wazee wangu," nikaanza, "shikamooni. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya sanduku. Ndugu yangu akakohoa kikohozi ambacho kingekuwa ni cha ng'ombe ningemwita bwana mifugo." Wakacheka kidogo. Kile kicheko, nasema, kilinilevya. "Akainama kwenye kopo, akatema. Si mate, wazee wangu. Kopo lililia: ting!"

Mzee akashuka kwenye kigoda.

"Lililia?"

"Lililia, mzee. Mara tatu. Ting, ting, ting."

Nikamtazama Wambura nione kama na yeye amefurahia nilivyosimulia. Alikuwa ananiangalia. Hakuwa amekasirika, na hicho ndicho nilichoshindwa kukisahau. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayeanza kukumbuka kitu: labda kweli lililia, labda nilikuwa nakohoa sikusikia, Masatu ni rafiki yangu na anakula kwangu, kwa nini aseme uongo? Niliona imani inamwingia usoni pale pale, kama maji yanavyoingia kwenye mtumbwi, na niliyeutoboa ni mimi. Alikaa chini.

Walichinja mbuzi. Wakachukua uchafu wa tumboni mwake, yale majani mabichi aliyokuwa hajamaliza kuyasaga, wakachanganya na majani mengine ya kwao na maji, wakatupatia mimi na Wambura, maana na mimi nilikuwa nimekula kwake, tunywe, tutapike chuma. Ulikuwa wa vuguvugu. Una nywele. Nilikunywa kibuyu kizima, na ningekunywa pipa. Tulitapika tukiwa tumepiga magoti tumeelekeana, vichwa vinagusana, na wazee nyuma yetu wanauliza, "Kimetoka? Kimetoka?" na Makuru, mikono mgongoni, anainama kutazama matapishi yetu, anajibu, "Kinatoka." Halafu nyama ikachomwa wakala, wakacheka, wakaulizana habari za pamba. Nyangi alipandishwa kwenye lori la Makuru mchana huohuo, arudishwe kwao Butiama. Alipopita mbele yetu alisema kwa sauti, "Wambura, niulize mimi." Mara mbili. "Niulize mimi." Mzee akamwambia dereva aondoe gari.

Mchezo ulichezwa. Watu mnaweza kudhani uliahirishwa, hapana, sherehe ilikuwa imeshapangwa na kiongozi wa wilaya alikuwa amealikwa. Makuru hakuleta tena dizeli. Tulifanya mazoezi Jumapili mchana uwanjani. Kwa kuwa hapakuwa na mwanamke mwingine aliyetaka kuuawa hadharani, mke wa jemadari nikawa mimi. Nilivaa kanga mbili, nikajaza pamba kifuani, na pale Bunda pamba si tatizo. Tulicheza saa tisa alasiri ndani ya ghala la pamba, watu wamekaa juu ya marobota mpaka karibu na bati. Nilipoingia tu, ghala likapasuka. Nilikata kiuno, nikawakonyeza wazee wa mstari wa mbele, nikaongeza maneno yangu. Ikafika kifo. Wambura alitakiwa anifunike uso na mto. Aliniinamia, na maneno aliyotakiwa kusema hakuyasema. Alikuwa analia, machozi yananidondokea shingoni, na anasema polepole, mimi peke yangu ndiye niliyesikia, "Lililia kweli, Masatu? Niambie." Watu walikuwa wanacheka mpaka wanaanguka kutoka kwenye marobota. Mimi nilikuwa maiti. Nilirusha miguu juu mara moja zaidi ili wacheke zaidi, na kutoka chini ya mto nikamwambia, "Lililia."

Ndani ya wiki mbili tangu kunywa kile kibuyu mate yangu yalikuwa meupe kama tui, na ya Wambura pia, na kikohozi chake kikaondoka. Kama kungekuwa na mtu wa kubishana nami ningemtemea mbele yake kama ushahidi. Chuma kilikuwa kimetoka. Nilisimulia kisa hicho kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye foleni za hospitali, na kila mwaka kopo lililia mara moja zaidi. Wambura alirudi kijijini akaoa mke waliyemchagulia, akalima pamba, akanyamaza. Ile sauti ya kutikisa vioo sikuisikia tena. Makuru akawa mtu mkubwa kanisani kwao.

Ndipo mwezi uliopita nikaenda kuzika. Makuru ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu, kwa ufasaha, kidole kwenye mstari, na ndoa ya kwanza haikuwamo. Baada ya udongo nilizunguka upande wa jikoni kutafuta maji ya kunawa, na nikasikia sauti ya mwanamke inaagiza sufuria zishushwe, sauti nzito ambayo ilifanya mabati yaitike. Nikasimama. Nilifikiri ni marehemu. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, na pembeni yake, juu ya kigoda, ameketi bibi mmoja mwembamba ambaye vidole vyake vilikuwa na udongo kwenye kucha hata siku ya msiba.

"Shemeji," nikasema.

Nyangi aliinua uso. "Masatu. Umenenepa."

"Huyu ni..."

"Ni wake. Niliondoka naye tumboni, alikuwa bado hajaonekana. Amekuja kumzika baba yake. Kaa, usisimame kama mti." Nikakaa. Yule binti akanipa chai kwenye kikombe kizima. Sikujua niseme nini, na mimi nisipojua la kusema huwa nasema sana. Nikampa pole. Nikamsifu binti. Halafu, Mungu anisamehe, kwa kutaka kumfariji, nikasema, "Angalau shemeji, kile chuma hakikumrudia tena. Aliishi miaka mingi."

"Chuma gani?"

Nikadhani anatania. Nikamweleza: kile cha kutema, kile nilichokisema kwenye kikao, mate meusi, kopo. Yeye alikuwa nje siku ile, hakuwa amesikia, na katika miaka yote hii hakuna aliyemwambia ni neno gani hasa lilimfukuza. Nilimweleza yote, mpaka ting. Nilijisikia naisema ile ting mbele yake, na kwa mara ya kwanza haikuchekesha. Binti yake aliacha kuosha vikombe.

Nyangi hakupandisha sauti. Alikuwa anakwangua udongo kwenye kucha.

"Ilikuwa dizeli," akasema. "Mlango umefungwa, hakuna dirisha, koroboi ya dizeli inawaka. Mimi nilitema meusi. Mwalimu alitema meusi. Darasa zima, shemeji, hamkuwa mnatazama leso zenu? Mimi ni mfinyanzi, masizi nayajua kuliko nyinyi wote. Mngeniuliza kama nilivyosema, ningewaambia."

"Na Makuru alijua?"

"Utingo asijue moshi wa dizeli?" Akaniangalia sasa, moja kwa moja. "Na kopo halikulia. Nililiosha mimi kila asubuhi. Lilikuwa na majivu na mate."